Mgongo wa Ubao

Kiatu kilikuwa kinaelekea dirishani.

Hakikuwa kiatu cha kuvaa. Lilikuwa doa la saruji tupu katikati ya ukuta wa bluu wa maktaba, pale ambapo rangi ilibanduka ikaondoka na ubao wa nakshi siku ulipoibwa. Doa lilikuwa na kisigino, lilikuwa na ncha, na kila aliyelitazama alisema neno hilo hilo: kiatu. Inspekta alikuwa juu ya ngazi. Alilipiga picha, akaliwekea rula pembeni, akalipiga tena.

"Afande, kuna kitu kinalia," alisema koplo aliyeishika ngazi. "Sijui ni ngazi, sijui ni magoti yangu."

"Ni magoti yako. Shika vizuri."

Ubao wenyewe ulikuwa na upana wa mlango, umechongwa ndege na mizabibu, na ulitundikwa pale tangu ukumbi wa kusomea ulipojengwa. Mji mzima uliujua uso wake. Kisha mwishoni mwa wiki, maktaba ikiwa imefungwa, mtu mwenye ufunguo aliingia, akafungua skrubu, akaondoka nao bila kuvunja hata kioo. Sasa mhudumu wa maktaba alikuwa mahabusu. Wasomaji walimwita Kimya, kwa sababu ndilo neno alilowaambia kutwa. Mkuu wa kituo alikuwa ameamua kwamba saa nane mchana Kimya apelekwe mahakamani. Akishasomewa mashtaka, kazi yake maktaba imekwenda, na rumande mtu anajua siku ya kuingia tu. Nyumbani alikuwa na mke na mapacha walioanza kusimama kwa kushika viti.

Ushahidi dhidi yake ulitoka kwenye kompyuta yake. Kimya alipenda mchezo mmoja wa kompyuta, ule wa kuzunguka ndani ya kasri na kufungua milango. Wachezaji wa mchezo huo hutengeneza picha zao wenyewe na kuzibandika juu ya vitu vya mchezo: mbao mpya kwenye milango, mawe mapya kwenye kuta, nguo mpya kwa wahusika. Nguo hizo wanaziita skini. Kwenye kompyuta ya Kimya kulikutwa kifurushi cha picha za namna hiyo, kilichosambazwa mtandaoni siku chache baada ya wizi, na mtengenezaji hakuweka jina lake. Ndani ya kifurushi palikuwa na picha ya mbao za kale zisizo na nakshi, na juu ya mbao hizo palikuwa na doa la bluu lenye umbo la kiatu.

"Huu ni mgongo wa ubao wetu," alisema inspekta akishuka ngazi. "Uso wake umeonwa na kila mtu. Mgongo umeelekea ukutani miaka yote. Aliyeupiga picha ndiye aliyeuondoa."

"Na picha iko kwa Kimya. Twende tukanywe chai."

"Iko kwa Kimya na kwa kila mchezaji aliyeipakua. Mimi namtaka aliyeitengeneza."

Kituoni aliweka picha mbili juu ya meza. Moja ya ukuta, nyingine ile ya kwenye kifurushi. Viatu viwili vilielekea upande mmoja, ncha kulia.

"Vinafanana kama sare zetu," alisema koplo.

Inspekta alivuta droo, akatoa muhuri wa kituo, akaugonga kwenye karatasi. Aliugeuza muhuri tumbo juu, akamsogezea koplo vyote viwili.

"Soma kwenye mpira."

"Hausomeki. Maandishi yamegeuka."

"Na kwenye karatasi?"

"Yamenyooka." Koplo alisimamisha kikombe chake njiani. "Ala."

"Ndiyo. Rangi ya ukuta ilishikana na mgongo wa ubao, kama huu mpira na hii karatasi. Ukutani ncha ya kiatu inaelekea kulia. Kwenye ubao wa kweli lazima ielekee kushoto. Lakini picha hii ya kwenye kifurushi inaelekea kulia, kama ukuta."

"Basi picha ni ya kughushi. Mtu alikuja kushangaa ukuta kama wengine, akaupiga picha, akapachika kiatu kwenye mbao zake."

Mkuu wa kituo alikuwa mlangoni, kofia kwapani. Alikuwa amesikia ya mwisho.

"Kama ni ya kughushi, ameghushi huyo Kimya," alisema. "Lile koti mmeliona? Kifurushi kina skini ya mlinzi wa kasri, amevaa koti la kijani la wahudumu wa maktaba, na beji juu. Nani mwingine angejivalisha koti hilo?"

Inspekta alichukua karatasi aliyochapa skini hiyo. Skini ikiwa bado haijavalishwa mhusika huwa imetandazwa kama samaki aliyepasuliwa: mgongo huku, kifua kule, mikono pembeni. Aliweka kidole kwenye mabega.

"Tazama hapa, mkuu. Kitambaa kimeinuka kama pembe, huku na huku. Koti hili halikuwa mwilini mwa mtu. Lilipigwa picha likiwa kwenye hanga, na hanga yake iko nyuma ya mlango wa maktaba. Hata mimi nimelipita leo asubuhi."

"Saa nane," alisema mkuu, akaondoka.

Koplo alisubiri nyayo zipotee. "Tumebaki na nini, afande?"

"Tumebaki na mlango. Picha hii haikutengenezwa itazamwe mezani. Ilitengenezwa ibandikwe mlangoni. Nataka kuiona pale inapokaa."

Kompyuta ya Kimya ilikuwa kielelezo, na kielelezo hakichezewi. Mtaalamu wa makao makuu alikuwa amewapa nakala ya kila kilichokuwa ndani yake. Kompyuta ya kuifanyia kazi, inspekta alikuwa ameitoa nyumbani kwake. Mumewe, mwalimu mstaafu, alikuwa anacheza mchezo huo huo tangu alipokabidhi chaki, na aliiachia kompyuta asubuhi kama mtu anayemwacha mtoto kwa jirani asiyemfahamu sana.

Inspekta alinakili kifurushi, akakifungua, akakiweka kwenye folda ya mchezo kama maelekezo yalivyosema. Akaingia kasri. Milango yote ilikuwa ya rangi ile ile ya zamani. Alirudia. Ikawa vile vile. Alirudia tena mpaka koplo akaanza kumpa ushauri, ndipo akapiga simu nyumbani.

"Baba watoto, nimeweka kifurushi, milango haijabadilika."

"Kwanza umehifadhi picha za asili pembeni?"

"Nimehifadhi."

"Maana ukiniharibia kasri langu, tutalala vyumba tofauti."

"Baba watoto, nina mtu mahabusu."

"Haya. Fungua hiyo folda uliyoiweka. Unaona nini ndani?"

"Naona folda nyingine, ina jina hilo hilo."

Kicheko kilitoka kwenye simu hadi koplo akainua kichwa. "Umetia bahasha ndani ya bahasha, mama watoto. Ukifungua faili lililobanwa, kompyuta inakutengenezea folda juu ya folda. Mchezo hauna habari ya kufungua bahasha mbili. Toa cha ndani, kiweke kwenye folda ya milango."

Mkono wa inspekta ulikuwa umeshaanza kufanya alivyoambiwa, kisha ukasimama. Alifungua nakala ya kompyuta ya Kimya, akaenda kwenye folda ya mchezo wake. Kifurushi kilikuwa pale. Ndani yake, folda. Ndani ya folda, folda nyingine yenye jina hilo hilo.

"Baba watoto, mtu akiliacha hivi, mchezo unamwambia amekosea?"

"Haumwambii neno. Unaendelea na picha za zamani kama hakuna kilichotokea. Mimi lilinisumbua siku nzima, nikadhani macho yamekwisha."

Inspekta aliziba simu kwa kiganja. "Umesikia? Kimya hajawahi kuuona mlango huu. Alipakua kifurushi, kikagoma, akakiacha. Mtu hawezi kushindwa kuvalisha nguo aliyoishona mwenyewe."

"Mkuu atasema alijifanya."

"Atasema. Ndiyo maana hatujamaliza."

Alitoa cha ndani, akakiweka mahali pake. Akaingia tena kasri. Safari hii mbao zilikuja. Zilikuwa nzito, za kahawia, na mishipa yake ilionekana mmoja mmoja hata koplo akanyoosha kidole kama anataka kuigusa. Inspekta alimsogeza mhusika wake, mlinzi wa koti la kijani, akafungua mlango, akapita, akageuka.

Nyuma ya mlango kiatu cha bluu kilikuwa kimeelekea kushoto.

Koplo alishika ukingo wa meza.

"Baba watoto," alisema inspekta taratibu. "Picha kwenye faili inaelekea kulia. Mlangoni, upande wa nyuma, inaelekea kushoto."

"Ndivyo mchezo ulivyo. Upande wa nyuma wa mlango unaigeuza picha, kama kwenye kioo. Mtengenezaji anayejali anaigeuza yeye kwanza kwenye faili, ili mchezo ukiigeuza tena irudi sawa. Wengi hawajali. Mbao ni mbao, ageuze ya nini?"

"Ili ionekane kama ya kweli."

"Kwani ya kweli ikoje?"

"Baadaye. Asante, mwalimu."

Akakata simu, akasimama. Hakuweza kubaki amekaa. "Koplo, nipe ilivyo."

"Picha si ya kughushi," alisema koplo, maneno yakimtoka haraka. "Mtu anayejali hata mishipa ya mbao hasahau kugeuza, na kama angeghushi kutoka ukutani, angetuletea kulia mlangoni. Huyu ametuletea kushoto. Aliuona ubao wenyewe, akaupiga picha, akageuza ili mchezoni uonekane vile vile ulivyo. Afande, mwili umenisisimka."

"Na anaipenda kazi yake kiasi cha kuhangaikia doa ambalo hakuna mchezaji angelijua. Mtu wa namna hiyo hawezi kuvumilia likiharibiwa. Sasa geuza picha ya kwenye faili. Nataka mlangoni kiatu kielekee kulia."

Koplo aligeuza. Mlango ukatokea umejaa miraba ya waridi na nyeusi, kwa sababu alihifadhi picha kwa aina ambayo mchezo hauisomi. Akahifadhi kwa aina nyingine, ikawa miraba tena. Walipopata aina sahihi, shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, na saa ya ukutani ilikuwa imepita saa sita.

Kimya aliletwa chumbani. Alikuwa mtu mwembamba, na hata mahabusu aliongea kwa sauti ya maktaba.

"Ndiyo hii?" alisema, akiinama mbele ya skrini. "Kumbe ni nzuri. Kwangu iligoma kabisa."

"Itazame vizuri. Kuna kasoro yoyote?"

Aliitazama kama mtu anayejua kwamba jibu lina uzito, ila hajui uko upande gani. "Mimi naona sawa. Kiatu ni kile kile cha ukutani kwetu." Kisha akauliza, "Mama, mke wangu ameambiwa ni leo?"

"Ameambiwa. Bado hujafika huko."

Mkutubi mkuu alikuwa safarini tangu kabla ya wizi. Mbali na yeye, funguo za maktaba zilikuwa kwa watu wawili: Kimya, na fundi wa kompyuta aliyezihudumia mashine za maktaba siku za mapumziko. Watu walimwita Bwana Waya. Ndiye aliyekuja kituoni kwa miguu yake kutoa taarifa kwamba, alipokuwa akitengeneza kompyuta ya Kimya, alikuta picha ya mbao zenye rangi ya ukuta wa maktaba. Katika maelezo yake alisema michezo haijui, na mchezo ule hajawahi kuufungua.

Duka lake lilikuwa chumba chembamba chenye harufu ya risasi ya kulehemu, kompyuta zilizofunuliwa matumbo zikiwa zimepangwa kwa usafi ambao inspekta aliuona kabla hajaketi. Bwana Waya alikuwa na miwani juu ya paji la uso na shati lililopigwa pasi hadi mikononi.

"Karibuni, karibuni. Jamaa amekiri?"

"Bado. Tumekuja kuomba msaada mdogo. Hakimu atatuuliza mchezo huu ni kitu gani, na sisi wawili ni washamba."

"Mimi pia mshamba, inspekta. Niliandika. Hayo ni mambo ya watoto."

"Wewe tazama tu, uniambie kama inaonekana vizuri."

Koplo aliiweka kompyuta mezani, akamtembeza mlinzi wa koti la kijani hadi mlangoni, akagonga kuta mbili njiani, akapita, akageuka. Kiatu kilielekea kulia.

Bwana Waya alitazama. Kidole chake kikaanza kugonga paja.

"Mbao zenyewe kama boksi la sabuni," alisema koplo, akipiga mwayo.

"Usiseme hivyo, mtu alijitahidi," alisema inspekta. "Ila nitamwambia hakimu ni kazi ya mwanafunzi. Amebandika alichokuta, hana jicho."

"Hana jicho?" alisema Bwana Waya.

"Kuna kitu kimekaa vibaya pale, sijui ni nini. Labda ni macho yangu."

"Si macho yako." Miwani ilishuka kutoka kwenye paji. "Kiatu kimegeuzwa. Kinatakiwa kielekee kushoto. Mmekiharibu nyinyi mlipokuwa mnaweka."

"Kinarekebishika?"

"Kitu cha dakika hicho. Nipishe, koplo, nipishe."

Akavuta stuli. Akafunga mchezo, akafungua folda, na nyingine ndani yake, na nyingine, bila kusoma majina, moja kwa moja hadi folda ya milango iliyomlia inspekta asubuhi nzima. Akafungua picha, akaigeuza. Kompyuta ilimuuliza aihifadhi kwa aina gani, naye akachagua kabla swali halijamaliza kujichora. Akarudi kwenye mchezo. Hakupita lango la kasri. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na mlinzi akatua nyuma ya mlango papo hapo. Hata mwalimu mstaafu hakuijua njia hiyo.

"Sasa tazama," alisema, akiinamia skrini. "Tazama mwanga ukitoka kushoto. Unaiona michirizi ya randa? Boksi la sabuni, eti."

Inspekta alikuwa anatazama vidole vya fundi, si skrini.

"Ukutani kiatu kinaelekea kulia," alisema inspekta. "Kwenye faili uliloripoti, kulia. Kimya nimemwonyesha hii ya kulia, akasema ni sawa, kwa sababu hajui nyingine. Wewe kushoto umekutoa wapi?"

"Ni akili ya kawaida. Kitu kikibanduka kinageuka."

"Jibu zuri. Ningelipokea, kama mikono yako isingetangulia kujibu. Umetia sahihi kwamba mchezo huu hujawahi kuufungua."

Bwana Waya alitazama mikono yake. Bado ilikuwa juu ya vitufe. Aliiondoa, akaiweka mapajani.

"Chumba cha nyuma kina nini?"

"Vyuma chakavu."

Inspekta alitoa hati ya upekuzi mkobani, akaikunjua mbele yake, akamsubiri aisome hadi chini. Koplo alikuwa ameshafika mlango wa nyuma. Walisikia printa zikiburutwa, kisha blanketi zito likianguka.

"Koplo?"

"Njoo uone, afande."

Ubao ulikuwa umesimamishwa, ndege na mizabibu yake vikitazama ukuta. Uliwageuzia mgongo. Juu ya mbao za kahawia, zenye michirizi ile ile ya randa, kulikuwa na kiatu cha bluu, ncha kushoto. Koplo alikuwa amekaa sakafuni mbele yake, anacheka peke yake. Inspekta alitamani kukaa naye. Badala yake alipiga picha, akaweka rula, akapiga tena.

"Mnunuzi anataka nakshi," alisema Bwana Waya nyuma yao. Sauti yake haikuwa ya kujitetea. "Upande huu hata hakuutazama. Mbao kama hizi hazipatikani tena popote. Nilisema angalau mtu auone. Nilijua mgongo hauna anayeujua."

"Na Kimya?"

"Mlianza kuulizia wenye funguo. Picha ilikuwa tayari kwenye mashine yake, aliipakua mwenyewe. Sikuiweka mimi."

"Ana mapacha."

"Nawajua. Mama yao huniita babu yao."

Koplo aliacha kucheka. Aliinuka, akatoa pingu.

Inspekta alitoka hadi kibarazani, simu sikioni. Ilikuwa inakaribia saa nane. Simu iliita muda mrefu.

"Umechelewa," alisema mkuu wa kituo. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo. "Yumo garini. Nimeshamwambia dereva awashe."

"Mwambie azime."